Sauti za Moyo: Namna Tabibu Anavyousikiliza Moyo, na Wajibu Wetu Sisi wa Ufipa

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Mwaka huu, katika ukurasa wetu wa elimu na afya, tumeona tuanze kwa jaribio dogo. Ukirudi nyumbani kutoka chuoni, nyumba ikishatulia, chukua daftari lako ulikunje liwe kama bomba, na ulishike lisifumuke. Ncha moja iweke juu ya kifua cha ndugu yako, upande wa kushoto, na ncha ya pili itegee sikio. Wavulana wasikilizane wao kwa wao, na wasichana vivyo hivyo. Kisha nyamaza. Baada ya muda mfupi utasikia: du-tap, du-tap, du-tap.

Sauti hiyo ilianza kabla mwenye kifua hajazaliwa. Kwa siku moja moyo hupiga kiasi cha mara 100,000, usiku na mchana, tukiwa macho na tukiwa usingizini, wala hatuuamrishi. Hiyo peke yake ni neema ya kumshukuru Mwenyezi Mungu (S.W.).

Lakini sababu ya kuandika makala haya si kustaajabu tu. Upo ugonjwa wa moyo unaoanza zaidi kwa watoto wa umri wa miaka 5 hadi 15, yaani umri wenu ninyi mnaosoma gazeti hili. Huanzia kooni, hushukia moyoni kimyakimya, na mara nyingi hujulikana umekwisha kuharibu. Ugonjwa huo unaweza kuzuilika, na katika kuujua na kuufuatilia, kusikiliza sauti za moyo kuna nafasi kubwa. Tutaeleza sauti hizo zinatoka wapi, tabibu anazisomaje, kompyuta zimeanza kusaidia vipi, na mwisho sisi wa Sumbawanga na vijiji vya uwanda wa juu wa Ufipa tufanye nini.

SAUTI MBILI ZINATOKA WAPI?

Moyo una vyumba vinne na milango minne. Milango hiyo huitwa valvu. Ni vipande vyembamba vya nyama, laini lakini imara, na hufunguka upande mmoja tu. Damu ikishapita, mlango hujifunga nyuma yake ili damu isirudi ilikotoka.

Moyo unapojikaza kusukuma damu, milango miwili iliyo kati ya vyumba vya juu na vya chini hujifunga kwa pamoja. Hiyo ndiyo "du". Ukimaliza kusukuma na kuanza kulegea, milango miwili ya kutokea damu nayo hujifunga. Hiyo ndiyo "tap". Baada ya "du" huja kimya kifupi, na baada ya "tap" huja kimya kirefu kidogo, moyo unapojaa damu upya. Kwa hiyo tunachokisikia ni milango kufungwa.

Kimya nacho kina maana. Aliyefika kwenye maporomoko ya Kalambo, ambako maji huanguka zaidi ya meta 200, anajua kwamba mto haupigi kelele kila mahali. Ukipita penye nafasi hausikiki, ukibanwa na mawe huvuma. Damu ni hivyo hivyo. Valvu ikikakamaa na kuwa nyembamba, damu hupita kwa kubanwa. Valvu isipofunga sawasawa, damu huvuja ikarudi nyuma. Kwa hali zote mbili damu hutibuka, na tabibu husikia mvumo mahali palipotakiwa kuwa kimya. Mvumo ukiwa kati ya "du" na "tap" una maana yake, na ukija baada ya "tap" una maana nyingine. Humsaidia kujua ni mlango upi wenye kasoro na ni kasoro ya namna gani.

Kwa wanafunzi wa tajwidi jambo hili si geni. Mwalimu anapokusikiliza hasikilizi herufi peke yake. Husikiliza urefu wa madd, mahali pa ghunna, na mahali unapovuta pumzi. Herufi zote zinaweza kuwepo na bado kisomo kikawa na kosa, na wewe msomaji usilisikie, kwa kuwa sikio lako halijazoezwa. Tabibu naye huchukua miaka kulizoeza sikio lake.

Tuseme mapema jambo moja ili tusitie watu hofu. Si kila mvumo ni ugonjwa. Watoto wengi wenye afya njema husikika mvumo mwepesi usio na madhara, na wengi wao huacha wakikua. Ndiyo maana kazi ya kuhukumu ni ya mganga aliyesomea, wala si ya mwenye daftari lililokunjwa.

CHOMBO KILICHOZALIWA NA HAYA

Zamani tabibu aliyetaka kusikiliza moyo aliweka sikio lake moja kwa moja juu ya kifua cha mgonjwa. Mwaka 1816, katika hospitali ya Necker mjini Paris, daktari René Laennec alijiwa na mwanamke kijana mwenye dalili za ugonjwa wa moyo. Aliona haya kulaza kichwa chake kifuani kwa mwanamke yule. Akachukua karatasi, akazikunja ziwe bomba, akaweka ncha moja kifuani na nyingine sikioni. Akashangaa kusikia moyo kwa uwazi zaidi kuliko alivyokuwa akisikia kwa sikio tupu. Baadaye alichonga bomba la mti, na mwaka 1819 akatoa kitabu juu ya elimu hiyo. Hiyo ndiyo asili ya stetoskopu, kile chombo anachovaa mganga shingoni. Laennec mwenyewe alifariki mwaka 1826 kwa kifua kikuu, moja katika maradhi ambayo chombo chake kiliwafundisha matabibu kuyatambua.

Tumekisimulia kisa hiki kwa makusudi. Wapo wazazi wetu wanaochelewa kumpeleka binti hospitali kwa kuogopa sitara yake itavunjwa. Haya ni katika imani, na hatusemi ziachwe. Lakini tazameni: chombo hiki kimetokana na haya. Mama anaweza kuomba apimwe na mhudumu wa kike, au awepo mahram wake, na kifua kifunuliwe kwa kadiri ya haja tu. Ombi hilo si aibu, na halizuii tiba.

Wala elimu ya moyo si ngeni kwa Waislamu. Ibn al-Nafis, aliyesomea Damascus na kufanya kazi Cairo mpaka alipofariki mwaka 1288, alikuwa tabibu na pia mwanachuoni wa fiqhi ya Shafi, madhehebu yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki. Wakati huo watu walishika kauli ya Jalinus, tabibu wa Kigiriki, kwamba damu hupenya ukuta ulio kati ya upande wa kulia na wa kushoto wa moyo. Ibn al-Nafis, katika sherehe yake ya sehemu ya maumbile ya mwili ya kitabu cha Ibn Sina, aliikataa kauli hiyo. Alieleza kwamba ukuta huo hauna njia, na kwamba damu huzunguka kwa kupitia mapafuni. Hayo aliyaandika mwaka 1242. Mwingereza William Harvey alitoa kitabu chake juu ya mzunguko wa damu mwaka 1628. Yaani mtu mmoja aliweza kufundisha fiqhi na kuchunguza moyo, na hakuona kwamba elimu moja inaifukuza nyingine.

KUTOKA KOONI MPAKA MOYONI

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe. Mtoto huumwa koo, mafindofindo yakavimba. Mara nyingi chanzo ni virusi, na hupona bila dawa kubwa. Lakini mara nyingine chanzo ni bakteria waitwao streptokoka. Dalili zao ni homa, koo kuuma ghafla bila kikohozi wala mafua, tezi za shingo kuvimba na kuuma, na pengine madoa meupe kwenye mafindofindo. Mtoto akipewa penisilini mapema, na akamaliza dozi, bakteria hao hufa na mambo yakaisha hapo.

Asipotibiwa, koo laweza kupona lenyewe, na wazazi wakashukuru. Ila kwa baadhi ya watoto, baada ya wiki 2 hadi 4, kinga ya mwili iliyokuwa ikipigana na bakteria hukosea na kuanza kuushambulia mwili wenyewe. Hii ndiyo homa ya baridi yabisi. Magoti huvimba na kuuma, maumivu yakahamia kiwiko, yakahamia kifundo cha mguu. Baadhi ya watoto viungo huchezacheza bila wao kutaka. Huangusha vikombe, hukunja uso, na mwandiko uliokuwa mzuri huharibika. Mwalimu humwadhibu kwa uzembe, na jirani husema ana shetani. Walimu wenzetu, mkimwona mwanafunzi ambaye mwandiko wake wa Kiarabu umeharibika ghafla na mikono haitulii, msikimbilie kiboko. Waiteni wazazi wake, mwambieni baba ampeleke hospitali.

Viungo hupona, lakini moyo hubaki na alama. Valvu hupata makovu. Kila mtoto akiugua tena koo la namna ile, makovu huongezeka, mpaka mlango uliokuwa laini unakuwa mgumu na haufunguki wala kufunga vizuri. Miaka hupita. Kijana hushindwa kupanda kilima alichokuwa akikipanda mbio, hulala kwa mito mitatu kwa kukosa pumzi, miguu ikavimba. Kwa wasichana wengi siri hufichuka wakati wa ujauzito, moyo unapotakiwa kusukuma damu nyingi zaidi. Duniani wapo zaidi ya watu milioni 40 wenye ugonjwa huu wa valvu, wengi wao katika nchi maskini. Mwaka 2018 mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzitaka nchi ziukabili.

Jina la "baridi" lisitudanganye sisi wa Ufipa. Mji wetu uko juu, kiasi cha meta 1,800 kutoka usawa wa bahari, na mwezi wa Juni na Julai baridi hutukaza meno. Lakini si baridi inayoharibu valvu. Ni bakteria, na bakteria hupenda msongamano: watoto sita chumba kimoja, madirisha yamefungwa, kikombe kimoja kwa wote. Hata darasa la madrasa lililojaa ni mahali pa kuambukizana, na sisi walimu tunapaswa kulijua hilo.

Wazee hutueleza kwamba maana ya jina Sumbawanga ni kutupa uchawi. Basi na tuutupe kweli. Mtu anayevimba miguu na kuhema usiku akipelekwa kwa mganga wa ramli, miezi hupotea huku valvu ikizidi kuharibika. Vilevile tuache kumkata mtoto kimeo kwa sababu ya koo. Kukata kimeo hakuui bakteria, na huleta kutoka damu na maambukizi mengine.

WAKUNGA WAMETUTANGULIA

Akina mama wanaosoma makala haya wanakijua kile kipembe ambacho mkunga hukiweka tumboni kwa mjamzito na kukitegea sikio. Ni ndugu wa bomba la Laennec, na kilibuniwa na Mfaransa Adolphe Pinard mwaka 1895. Mkunga huhesabu mapigo ya moyo wa mtoto. Yakiwa kati ya 110 na 160 kwa dakika, huridhika. Yakishuka na kubaki chini, hujua kwamba mtoto hapati hewa ya kutosha.

Shida ni kwamba mkunga mmoja huwa na akina mama wengi. Anaposikiliza ni sasa, na hatari huja akiwa kitanda cha pili. Kwa ajili hiyo kimetengenezwa chombo kinachofungwa tumboni kwa mkanda, kikahesabu mapigo muda wote wa uchungu kwa mawimbi ya sauti, na kupiga kengele mapigo yakiharibika. Kilitengenezwa na kampuni ya Laerdal ya Norway na kikajaribiwa katika hospitali za hapa Tanzania, ikiwemo ya Haydom mkoani Manyara. Jina lake ni la Kiswahili: Moyo. Somo tunalolipata ni hili: kusikiliza mara moja ni jambo jema, lakini kufuatilia ni bora zaidi.

KOMPYUTA INASIKILIZAJE MOYO?

Sikio la tabibu lina udhaifu wa aina mbili. Kwanza, sauti za moyo ni nzito. Sehemu kubwa yake ina mitetemo kati ya 20 na 500 kwa sekunde, na sikio la binadamu ni zito kwa sauti za chini namna hiyo. Pili, sikio haliweki kumbukumbu. Mganga aliyekusikiliza mwaka jana akihamishwa, anayekuja hana njia ya kusikia alichosikia mwenzake. Atasoma tu maneno mawili matatu kwenye faili.

Stetoskopu ya kidijitali hujaribu kutibu udhaifu huo. Ndani yake mna kipaza sauti kidogo kinachogeuza sauti kuwa namba, na namba hizo huingia kwenye simu au kompyuta. Kazi huenda kwa hatua nne.

Hatua ya kwanza ni kusafisha: kuondoa kilio cha mtoto, msuguano wa nguo, pumzi, na mvua juu ya mabati. Hatua ya pili ni kugawa: programu hutafuta "du" iko wapi na "tap" iko wapi, ikijua kwamba kwa aliyetulia kimya cha kwanza ni kifupi kuliko cha pili. Hatua ya tatu ni kupima kilichomo katika kila kimya, nguvu yake, urefu wake na mitetemo yake. Hatua ya nne ni kulinganisha na kutoa rai: moyo huu unafanana na ule wa wazima, au una mvumo unaostahili kuchunguzwa.

Programu inajuaje? Hujifunza kwa kusikiliza, kama mwanafunzi anavyopokea kisomo kwa shekhe wake. Hupewa maelfu ya sauti zilizorekodiwa ambazo wataalamu wamekwisha kuzisikiliza na kuzihukumu, nayo hujirekebisha mpaka rai yake ikaribiane na yao. Mwaka 2022 yalifanyika mashindano ya kimataifa ya kutambua mvumo wa moyo kwa kompyuta, na sauti zilizotumika, zaidi ya 5,000, zilirekodiwa nchini Brazili, nyingi kwa watoto. Na kama mwanafunzi, programu hurithi upungufu wa mwalimu wake. Iliyofundishwa kwa sauti za hospitali tulivu inaweza kukosea katika zahanati yenye kelele.

Faida yake kubwa kwa mgonjwa ni kumbukumbu. Aliyerekodiwa Januari akarekodiwa tena Juni, sauti mbili huwekwa kando kwa kando na daktari akaona kama mvumo umeongezeka. Mzee mwenye presha ambaye moyo wake umeanza kuchoka huweza kusikika sauti ya tatu baada ya "tap", mwendo kama wa farasi anayekimbia. Kwa mtoto sauti hiyo huweza kuwa ya kawaida, ila kwa mzee ni onyo. Na mgonjwa aliyebadilishiwa valvu akawekewa ya chuma husikia mwenyewe mlio mkali kama wa saa, hasa usiku nyumba ikiwa kimya. Huyo afundishwe kuujua mlio wake. Ukififia au kupotea, pengine damu imeganda kwenye valvu, na hilo ni la kukimbilia hospitali saa ile ile.

Tena, sauti iliyorekodiwa husafiri. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya iko zaidi ya kilometa 300 kutoka Sumbawanga, na Dar es Salaam, iliko Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, ni zaidi ya kilometa 1,000. Anayetoka Kirando au Muze huanza kwanza kwa safari ya kufika mjini. Sauti ikirekodiwa na muuguzi wa kike aliye karibu, bingwa aliye mbali huweza kuisikiliza na kusema nani asafiri haraka na nani asubiri. Zahanati nyingi za nchi yetu bado zinatumia stetoskopu ya kawaida. Lakini ninyi mnaosoma hesabu na fizikia leo ndio mtakaovitengeneza na kuvitumia vyombo hivi kesho, Insha Allah.

KITU AMBACHO SIKIO HALIKISIKII

Haki ya elimu ni kusema na upungufu wake. Mwaka 2007 ulitangazwa uchunguzi uliofanywa kwa wanafunzi 2,170 wa Msumbiji. Waliposikilizwa kwa stetoskopu na kupimwa kwa mkono, walipatikana 5 wenye ugonjwa wa valvu. Walipopimwa wanafunzi hao kwa eko, yaani kipimo kinachopiga picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, walipatikana 66. Maana yake ugonjwa ukiwa mchanga hausemi. Kutosikika mvumo si hati ya uzima, na kompyuta haiwezi kusikia mvumo ambao haujatokea.

Je, kuna faida kumjua mtoto ambaye moyo wake bado haujasema? Jibu lilitoka kwa jirani zetu wa Uganda. Katika eneo la Gulu walipimwa kwa eko watoto zaidi ya 100,000. Waliokutwa na alama za mwanzo, wakakubali kushiriki, waligawiwa makundi mawili. Kundi moja lilipata sindano ya penisilini kila baada ya wiki 4 kwa miaka miwili, na jingine lilifuatiliwa bila sindano. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021. Katika watoto 399 waliochomwa, ugonjwa ulizidi kwa 3 tu. Katika 400 wasiochomwa, ulizidi kwa 33.

Ndugu msomaji, tazama tena namba hizo: 3 na 33. Dawa yenyewe ni penisilini, dawa ya zamani na isiyo ghali. Kilichowalinda watoto wale ni kujulikana mapema na kutokosa sindano.

SINDANO NA MWEZI WA RAMADHANI

Sindano hii huuma, na huendelea kwa miaka mingi, kwa wengi mpaka wafike angalau umri wa miaka 21. Kwa hiyo sababu za kuiacha ni nyingi, na moja inatuhusu sisi: kuogopa kuharibu funga. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu la Jedda lililijadili suala hili katika kikao chake cha 10 mwaka 1997, na likaamua kwamba sindano za tiba zisizo za lishe, ziwe za kwenye nyama, chini ya ngozi au kwenye mshipa, hazifunguzi. Hivyo tarehe ya sindano ikiangukia Ramadhani, mtoto achomwe na aendelee na funga yake. Anayetaka utulivu zaidi wa moyo aombe achomwe jioni, au usiku pale panapowezekana. Lisilofaa ni kuiruka. Ama mgonjwa ambaye moyo wake umedhoofika, anayemeza dawa mara kadhaa kwa siku, huyo amuulize daktari wake kabla ya kufunga, na sheria imempa ruhusa.

TUFANYE NINI?

1. Mtoto akiumwa koo na homa bila mafua, apelekwe zahanati siku ile ile au ya pili. Asali na maji ya moto hutuliza koo, lakini haviui streptokoka.

2. Akipewa vidonge avimalize, hata kama koo limepona siku ya tatu.

3. Maumivu ya viungo yanayohamahama, viungo vinavyochezacheza, au kuchoka na kuhema kuliko wenzake ni dalili za kwenda hospitali, na kuomba moyo usikilizwe. Mganga akiona haja ataelekeza kipimo cha eko.

4. Mabingwa wa moyo wanapokuja mikoani kwa huduma za mkoba, tangazo lisomwe msikitini baada ya swala, na tuwapeleke watoto.

5. Mwenye kadi ya sindano, tarehe yake iandikwe ukutani. Mwalimu wa madrasa ajulishwe, amkumbushe.

6. Madirisha ya madarasa na vyumba vya kulala yafunguliwe mchana, hata wakati wa baridi. Kila mtoto awe na kikombe chake.

HITIMISHO

Wanafunzi waliofika hadithi ya sita katika Arubaini ya Imam Nawawi wanalijua lile pande la nyama ambalo mwili wote hutengenea kwa kutengenea kwake. Wanavyuoni wametufundisha kulitunza kwa ikhlasi na kwa kumkumbuka Allah. Pamoja na hilo, tusilisahau kama nyama, kwa kuwa mwili ni amana. Tena Mtume wetu (S.A.W.) alitufundisha kujitibu, wala hakuhesabu kutafuta dawa kuwa ni kukosa tawakkul.

Usiku wa leo, ukikunja daftari lako na kusikiliza kifua cha mdogo wako, utasikia milango minne ikijifunga kwa zamu, kazi ambayo hakuna aliyeifundisha. Sikiliza, mshukuru Mola wako, kisha muulize mdogo wako swali moja: koo linakuuma? Akisema ndiyo, mwambie mama kabla ya kulala.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awalinde watoto wa Kiislamu na watoto wote wa mkoa wetu wa Rukwa, na aijaalie elimu hii iwe yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.